Shati la Alhamisi

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

Swali hilo Chiriku alikuwa amekwisha kuliuliza mara tatu tangu juzi. Sasa alikuwa akiliuliza mara ya nne, tena kwenye ngazi, hatua chache tu kabla ya mlango wa wazazi wake, Jumapili saa tisa alasiri. Kama kuna siku moja katika mwaka mzima ambayo hawakupaswa kugombana, ilikuwa hiyo.

"Kazini," alijibu Fundi.

"Kazini wapi?"

"Kwenye lifti, mpenzi. Mimi natengeneza lifti, au umesahau?"

Alimtazama machoni kwa nukta mbili, kisha akayashusha macho yake kwenye viatu. Mwanamume huyo hakujua kudanganya. Akidanganya, masikio yake yalipata joto na mkono ukaenda wenyewe kushika kola. Ndicho kilichomuuma Chiriku zaidi, kwamba mtu asiyejua kudanganya ameona kuna jambo la kumfanya ajifunze.

Alhamisi iliyopita Chiriku alikuwa ametoka mapema kwenye duka la miwani anakofanya kazi ya kuchonga vioo. Fundi alikuwa amesahau glavu zake kwenye kiti cha duka, na bila glavu nyaya za lifti humla mikono. Chiriku akazibeba mpaka kwenye jengo la ofisi alikoambiwa yuko. Mlinzi akacheka.

"Fundi? Alhamisi humpati hapa, dada. Ikifika saa sita anaondoka, tena mbio, kama anayewahi mgonjwa."

Na kulikuwa na jambo la mashati. Fundi hakuwa na pasi. Nguo zake alizikung'uta, akazivaa, akaomba Mungu. Lakini kwa wiki sita sasa, kila Alhamisi jioni, alitokea na shati lililonyooka, kola imesimama, mikono ina mstari mmoja kama umechorwa kwa rula. Kuna mtu alikuwa anampigia pasi. Na Chiriku hakuhitaji kuchonga vioo ili aone kwamba mwanamume hapigiwi pasi vile na mwanamume mwenzake.

"Sawa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Twende. Baba anasubiri."

"Umenuna."

"Sijanuna."

"Chiriku."

"Nimesema twende."

Glavu zilikuwa kwenye mkoba wake. Alikuwa amepanga kila kitu kitandani. Angemwacha acheze na baba, kwa sababu wazee wameshaambiwa na hawezi kuwafanya wakae kitako bure. Mchezo ukiisha angemsindikiza mpaka chini, amkabidhi glavu zake, amwambie aende kwa huyo anayemnyooshea kola. Halafu angepanda juu alie vizuri, kwa nafasi.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha.

Baba yake alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na mpaka leo alitembea sebuleni kama anayehesabu hatua. Penseli haikumtoka sikioni. Mezani ubao wa sataranji ulikuwa umeshapangwa, kete nyeupe upande wa mgeni. Mtu mgeni angedhani ni mapambo. Chiriku alijua kwamba ule ndio mtihani, na kwamba kijana anayemtaka binti wa nyumba hii hakuulizwa mshahara wala nyumba. Alikalishwa pale.

Wawili walishakaa. Wa kwanza, karani wa bima mwenye manukato mengi, aliondoka akiwa amecheka sana na hakurudi. Wa pili alikuwa daktari wa meno. Chiriku alimpenda kidogo huyo, si haba, na baada ya mchezo baba alimpa mkono akamwambia, "Wewe ni mtu mzuri, kijana, lakini siyo hapa." Hakueleza. Chiriku alilia wiki nzima, na kwa miaka miwili hakumleta mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Mama yake hakugeuka. Alikuwa kwenye meza yake ya pasi dirishani, mahali pake pa miaka yote. Siku sita za juma alikuwa dobi kwa watu, na siku ya saba alipiga pasi za nyumbani ili apumzike, kama alivyopenda kusema. Aligeuza shuka, akamtupia mgeni jicho moja kuanzia kola mpaka vifungo, kisha akaendelea na kazi.

Chiriku alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani. Akajiapiza kwamba hatamtazama. Akamtazama.

Miezi mitatu alimfundisha mtu huyu. Alipomjua hakuwa na habari hata farasi anarukaje. Alimfundisha kila jioni duka likifungwa, kule nyuma, wamekaa kwenye makasha ya fremu. Alimchorea funguzi za mchezo kwenye bahasha za vioo, moja baada ya nyingine. Ufunguzi wa Kiitaliano. Ulinzi wa Kifaransa, wa watu wenye subira. Ulinzi wa Kisisilia, ambao Fundi aliupenda kwa sababu una vurugu. "Toa farasi kabla ya maaskofu," alikuwa akimwimbia. "Mfiche mfalme mapema nyuma ya ngome. Na malkia hatembei ovyo kama hana kwao." Hilo la malkia alilitunga mwenyewe alipokuwa na miaka saba. Fundi alilipenda, akawa analirudia hata akiwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni.

Sasa mkono wake mkubwa wenye makovu ulimwinua askari wa mbele ya mfalme, ukamshusha vyumba viwili mbele, taratibu.

Walicheza. Farasi, farasi, askofu. Fundi hakukosea hata mara moja, na Chiriku alijikuta akihesabu pamoja naye kimoyomoyo, hasira yote ikiwa imekaa pembeni kidogo. Mfalme akaingia nyuma ya ngome. Alitaka kupiga makofi. Kisha akazikumbuka glavu.

"Umefundishwa vizuri," alisema baba.

"Ahsante mzee."

"Bahasha ngapi?"

Fundi alishtuka. Chiriku naye.

"Nimeziona kwenye pipa," alisema mzee. "Binti yangu anachora farasi wenye masikio ya sungura. Hakuna mwingine duniani." Akanyoosha mkono, na kwa mfuto mmoja wa kiganja akazisomba kete zote pembeni. Ngome ikabingirika mpaka chini ya kochi. "Haya ya mwanzo mtu yeyote mwenye kichwa anayakariri. Mimi huwa sitazami ya mwanzo."

Akaweka kete tatu tu. Mfalme mweusi alimweka upande wake. Mfalme mweupe upande wa Fundi, na pembeni yake, nyuma kidogo, askari mmoja mweupe ambaye hajawahi kusogea kutoka nyumbani kwake.

"Mfikishe askari huyo mwisho wa ubao, awe malkia. Mimi nitakuzuia. Zamu yako."

Ndipo Chiriku alipojua yule daktari wa meno alianguka wapi.

Na hili hakumfundisha. Hakumfundisha kwa sababu yeye mwenyewe hakulijua. Tangu utotoni baba alimfundisha kila kitu mezani pale, lakini mchezo ulipofika pa wafalme wenyewe na askari wawili watatu, ilikuwa saa kumi na mbili, na baba bila kuinua kichwa alisema, "Chiriku, nenda kaoge." Kila siku. Akitoka bafuni, ubao ulikuwa umeshafungwa. Alikua akijua kuanza na kujilinda kuliko watu wengi, na mwisho hakuwahi kuuona. Kwa miezi mitatu hakulifikiria hilo hata siku moja. Alimfundisha mpenzi wake yale aliyoyajua, akadhani ndiyo yote.

Alisahau Alhamisi. Alisahau kola. Alitaka tu ainuke, amshike yule mtu mkono, amwombe radhi. Usimkimbize huyo askari, aliwaza, ingawa hakujua kwa nini. Ni vile tu karani wa bima alikuwa mtu wa kukimbiza mambo.

Fundi hakumgusa askari. Alimchukua mfalme, akampeleka mbele, mshazari, akamsimamisha njiani mbele ya askari wake.

Baba akamsogeza mfalme mweusi. Sasa wafalme wawili walikuwa wanatazamana ana kwa ana, chumba kimoja tu kitupu kati yao.

Mzee akaegemea nyuma. "Wa kwanza alimtuma askari vyumba viwili kwa mpigo. Nikaja nikamkalia mbele, sare. Wa pili alifika hapa hapa ulipo. Lakini ilikuwa zamu yake, kama ilivyo zamu yako, na hapa mwenye zamu ndiye anayempisha mwenzake. Akampisha. Nikazidi kumsukuma mpaka ikawa sare." Akaichukua penseli sikioni, akaiweka mezani. "Haya."

Pasi ilinyamaza dirishani.

Fundi alitazama ubao kwa muda mrefu. Masikio yake hayakupata joto. Kisha, kwa ncha ya vidole viwili, alimgusa yule askari wa nyuma, akamsogeza chumba kimoja. Kimoja tu. Na akakunja mikono.

Chiriku hakuelewa mara moja. Alielewa kwa uso wa baba yake. Wafalme walikuwa bado wanatazamana vilevile, hakuna kilichobadilika ila zamu. Sasa aliyetakiwa kupisha alikuwa mzee.

Baba alipisha. Fundi akapita. Mfalme mweupe akawa anatangulia, anafungua njia, anaangalia kushoto na kulia, na askari anakuja nyuma pole pole bila mtu wa kumgusa. Mzee alijaribu huku, akajaribu kule. Baadaye hapakuwa na mahali pa kujaribu. Askari akafika mwisho wa ubao, na Fundi akainama chini ya meza, akamtafuta malkia kati ya kete zilizosombwa, akamweka mahali pake kwa mikono miwili.

"Nani kakufundisha?" aliuliza baba.

Fundi akamtazama Chiriku.

"Usimtazame huyo. Huyo nimemfundisha mimi, na hapa hajawahi kufika. Wakati wa haya yeye yuko bafuni. Nakuuliza wewe, nani kakufundisha kupoteza zamu?"

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye kola. Chiriku aliuona, na kila kitu kikamrudia kwa pamoja, Alhamisi, mlinzi, ule mstari ulionyooka kwenye mkono wa shati. Kabla hajajizuia mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Ni mwanamke?"

"Chiriku, tafadhali."

"Jibu. Ni mwanamke?"

Fundi akaiachia kola. "Ni mwanamke."

Angekuwa amechomwa kwa ile pasi asingeumia vile. Alisimama. Mkoba ulianguka, glavu zikatoka nje, zikalala kwenye zulia vidole juu. Hakuziokota.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi," alikubali Fundi kwa sauti ya mtu anayezama. "Kuanzia saa sita na nusu."

"Na anakupigia na pasi."

"Sikumwomba. Alisema hawezi kukaa meza moja na mtu aliyevaa shati kama limetafunwa na ng'ombe."

Chiriku alifungua mdomo ili atukane, kisha akabaki ameufungua. Maneno yale alikuwa ameyasikia. Alikuwa ameyasikia asubuhi ya kila siku ya shule kwa miaka kumi na mbili. Pole pole akageuka dirishani.

Mama yake alikuwa ameiweka pasi wima. Alikuwa anakunja shati la baba, mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, na mkono ule ulikuwa na mstari mmoja kama umechorwa kwa rula. Chiriku alikuwa amevaa mistari ile tangu azaliwe, na labda ndiyo maana hakuwahi kuitazama.

"Basi unifunge jela," alisema mama.

"Wewe?" Hii ilikuwa sauti ya baba, na ilipanda juu kama ya kijana. "Wewe unajua sataranji?"

"Lifti ya mizigo pale kazini ilikwama," mama alimwambia binti yake, kama vile mumewe hakusema neno. "Wakamleta huyu. Nikamsikia ndani ya tundu anajiongelesha, eti malkia hatembei ovyo kama hana kwao. Nikajiuliza, haya maneno si ya mwanangu? Nikamwambia toka humo, kijana, niambie unamjulia wapi. Akanieleza yote. Nikamuuliza, na mwisho umefundishwa? Akasema mwisho upi? Nikajua mmekwisha."

"Mama! Ungeniambia!"

"Wewe nikuambie siri? Hilo jina la Chiriku tulikuokotea njiani? Ungemwambia baba yako kabla sijavua viatu. Nikamwapisha. Nikamwambia, ukimwambia hata neno moja, binti sikupi."

"Niliapa," alisema Fundi kwa unyonge. "Ningefanyaje?"

Chiriku aliketi. Kicheko kilimpanda na machozi yakampanda, vyote kwa pamoja. Siku tatu nzima alimchukia mwanamke mwenye pasi. Alimpa sura, alimpa kucha ndefu, alimpa hadi sauti. Ahueni aliyoisikia ilikuwa ya mwili mzima, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa. Hakuna mwanamke mwingine. Hakuwahi kuwepo. Alikuwa mama yake, na wanga wa nguo, na saa ya chakula.

Lakini baba alikuwa bado hajatabasamu. Alikuwa amesimama, ameshika kiti.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Miaka thelathini na moja nacheza na watu wa posta, nacheza na majirani, nacheza peke yangu mkono wa kushoto dhidi ya wa kulia. Na wewe umo humu ndani unajua?"

"Ulikuwa unaongea kwa sauti ukicheza. Mimi nina masikio."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniona napiga pasi, ukadhani napiga pasi tu."

Mzee alikaa tena. Alimtazama mkewe kwa muda ambao Chiriku aliona aibu kuutazama. Kisha akamgeukia Fundi.

"Wewe. Kwa nini ulimtanguliza mfalme?"

"Mama alisema..."

"Sikuulizi alichosema mama. Nakuuliza wewe."

Fundi alifikiri. "Kwenye lifti, mzee, kabla sijamruhusu mtu aingie, napanda kwanza mimi. Ikianguka, ianguke na mimi. Nilipoona yule askari peke yake nyuma, nikaona siwezi kumtuma mahali ambapo sijafika."

Chiriku alijua sasa kwa nini karani alicheka na kuondoka, kwa nini daktari wa meno aliambiwa siyo hapa. Baba yake hakuwa akitafuta fundi wa sataranji. Moyo ulimjaa, akampenda baba yake na mtu yule kwa wakati mmoja, na hakujua auelekeze wapi uso.

"Waambie wazee wako waje tuzungumze," alisema baba. "Jumapili yoyote watakayotaka. Na Alhamisi, kula chakula cha mchana hapa. Mke wangu haendi kuvua watu mashati huko kazini."

"Nilikuwa na fulana ndani, mzee!" Fundi aliruka.

Mama alicheka mpaka akashika meza.

Walitoka nje kidogo, wawili, kwenye zile ngazi. Chiriku alikuwa ameokota glavu. Alizishika kifuani bila kuzitoa.

"Nilikuwa nakuja kukurudishia hizi," alisema.

"Nilijua. Tangu uliponuna hapa hapa kwenye ngazi, nilijua."

"Na bado ukasema ni mwanamke."

"Ungeniuliza tena ningesema kazini, na ungeniacha. Nikaona heri uniache kwa ukweli."

"Mjinga wewe."

"Mjinga, ndiyo. Lakini unisamehe."

Chiriku alimvalisha glavu, kwanza mkono wa kushoto, halafu wa kulia, kidole kwa kidole, ingawa hapakuwa na lifti wala waya. Halafu akaweka uso wake kwenye lile shati lililonyooka, likakunjamana lote, na hakuna aliyejali.

"Chiriku!" Sauti ya baba ilitoka ndani.

Alijitenga haraka, akajifuta macho. Walipoingia, meza ya pasi ilikuwa imesukumwa ukutani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, miwani puani, viwiko mezani. Mbele yake palikuwa na wafalme wawili na askari wanne. Baba alikuwa ameshika penseli kwa mikono yote miwili, kama kijana aliyekuja kuposa na hajui kama atakubaliwa.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili kasoro. Kwa mazoea ya zamani Chiriku alianza kuelekea bafuni.

"Unakwenda wapi?" baba aliuliza bila kuinua kichwa. Akavuta kiti cha tatu kwa mguu, akakipigapiga kwa kiganja. "Leo huendi kuoga. Kaa hapa, mwanangu, uone mwisho."